Mwaka Dada Mutale Alipomtaja Mama Benki

Dada Mutale alifika kwetu Gungu, Kigoma, siku tulipokuwa tukijiandaa kuanua matanga ya Mama. Alikuwa amekuja kwa meli kutoka Mpulungu, upande wa Zambia, na uso wake ulionyesha wazi kwamba ziwa halikumhurumia njiani. Alikaa mkekani na wanawake wenzake, akalia kidogo, akanywa chai, halafu akaomba namba ya anayekusanya rambirambi. Akatoa simu. Kabla hajabonyeza namba ya siri aliwapa mgongo watu wote waliokuja kutupa pole, akajifunika khanga yeye na simu yake, akabonyezea humo ndani. Nilicheka. Katikati ya msiba wa mama yangu mzazi nilicheka mpaka shangazi mmoja akanifinya paja. Dada Mutale alichomoa kichwa kwenye khanga na kuniuliza nacheka nini. Nikamwambia nacheka kwa sababu hajabadilika hata chembe. "Wezi nao hawajabadilika," akajibu, akairudisha simu kifuani. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi, na tuliendelea kana kwamba tuliachana jana.

Mwaka ninaoukumbuka nikimtazama ni ule niliomaliza kidato cha sita na kukaa nyumbani nikingoja chuo. Siku hizi nafanya kazi benki, Dar es Salaam, kwenye dawati la malalamiko ya kadi. Wengi wanaonipigia ni Watanzania walio nje ya nchi: mwanafunzi aliyeko India, muuguzi aliyeko Oman, dereva wa lori aliyekwama Lubumbashi kadi yake imekombwa na yeye hajala tangu jana. Watu hudhani kazi hii niliisomea. Nilisomea mambo ya misitu. Kazi yenyewe niliianza sebuleni kwetu bila mshahara, nikimwangalia mwanamke mgeni akiitunza kadi yake kwa uangalifu ambao kwetu tuliuona ni ugonjwa. Wakati ule pesa za simu ndiyo kwanza zinaanza kusikika, na mwenye kadi ya benki alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa adabu.

Dada Mutale alikuwa mpangaji wetu. Alifanya kazi na shirika lililohudumia wakimbizi wa Burundi. Siku za kazi alilala kambini na mwisho wa wiki alishuka Gungu, vumbi mpaka kwenye kope, akiwa amekaa nyuma ya bodaboda na begi tumboni, kamwe si mgongoni. Mshahara wake uliingia benki kwao Zambia, naye akautoa kidogo kidogo kwenye mashine iliyokuwa karibu na stesheni. Alikuwa na binti wa miaka minne, Chileshe, aliyemwacha Mpulungu kwa bibi yake. Picha ya mtoto huyo ilibandikwa ukutani juu ya kitanda, na kila mgeni aliyeingia chumbani alionyeshwa kwanza picha, kisha kiti. Mpango wake tuliujua wote, maana hakuuficha: alikuwa anaweka akiba apange nyumba yake mwenyewe, atafute dada wa kumlea mtoto, kisha amlete Chileshe Kigoma. Kwetu hakuweza kumleta. Mama alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba chumba ni cha mtu mmoja, kwa sababu mpangaji aliyetangulia alianza mmoja akaishia na ukoo mzima na choo kikajaa. Kwa hiyo kila Jumamosi, tukichambua mchele, Dada Mutale alitueleza amebakiza miezi mingapi.

Nilipenda chumba chake. Kilinukia sabuni ya kufulia na mafuta ya kujipaka ya kwao, na dirisha lilitazama mpapai wetu. Kadi zake zilikuwa mbili. Moja aliiita ya kutembea, yenye pesa za matumizi tu, ikiibwa asilie sana. Nyingine ilikuwa ya kulala, na humo ndimo ilimokuwa nyumba ya Chileshe. Ililala kweli, ndani ya kopo la biskuti pamoja na laini ya simu ya Zambia. Kila Jumamosi alasiri aliichukua ile laini, akaiweka kwenye simu, akasubiri ujumbe wa benki uingie, akausoma mara mbili, akairudisha koponi. Namba tatu za nyuma ya kadi alizibandika plasta ya kidonda. Kabla ya kuhamia Kigoma aliiaga benki yake: aliwaambia anakwenda nchi gani na atakaa mpaka lini. Nilimuuliza kwani benki ni mjomba wake. "Benki isiyojua uko wapi," akasema, "siku mwizi akiwa Ulaya na kadi yako, itadhani ni wewe umekwenda kutembea." Leo maneno hayo nawaambia wateja karibu kama yalivyo, na wengi huniona nina wasiwasi kupita kiasi, kama mimi nilivyomwona yeye.

Sisi tulikuwa na desturi nyingine kabisa, na balozi wake alikuwa Mwalimu Gervas. Alifundisha Kagunga, kule mpakani, ambako hufiki ila kwa boti. Mwisho wa kila mwezi alishuka mjini na kadi za walimu wenzake wote zimefungwa mpira, kila kadi ikiwa na kipande cha karatasi chenye namba ya siri. Alisimama mbele ya mashine akaziingiza moja baada ya nyingine, foleni nyuma yake ikimlaani, kisha akaja kwetu kula kabla ya kurudi, maana Mama alikuwa na undugu wa mbali na mkewe. Mara nyingine Mama alikwenda naye kumshikia mfuko. Siku ile tulikuwa tumeketi kuzunguka sinia, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese, na Mwalimu alikuwa ameweka kile kifurushi pembeni ya bakuli la maji ya kunawa. Dada Mutale akakiona. Tonge likamsimama mkononi.

"Mwalimu, hizi ni kadi za nani?"

"Za walimu wenzangu, dada."

"Na hizi namba?"

"Sasa bila namba nitatoaje?"

"Awe!" akasema, ambalo kwao ni hapana kubwa. "Ukipotea wewe, watu wote wamepotea. Boti ikizama je?"

Mwalimu Gervas alimeza kwanza. "Boti ikizama, dada yangu, unadhani nitakuwa nafikiria kadi?" Mama alicheka mpaka akapaliwa na mwiba. Mwalimu akaendelea kwa upole, "Wewe unasema kweli. Lakini mashine ipo hapa, shule ipo kule. Tukija wote, nani anabaki na watoto? Mtu unampa mwenzako unayemwamini, basi." Dada Mutale aliiacha hoja ya shule, akasema kuamini si kazi ya kadi. Mama alimwona ana roho ngumu. Jioni hiyo aliniambia, tukiosha vyombo, kwamba watu wa nchi za mbali wanafundishwa kuogopana wakiwa wadogo. Mimi nilikuwa upande wa Mama. Kwetu kumtuma mtu na kadi kulikuwa sawa na kumtuma sokoni, na asiyekutuma ndiye aliyekutukana.

Halafu umeme ukakatika Dada Mutale akiwa ameiingiza kadi ya kutembea, na mashine ikaimeza. Benki ya hapa ikamwambia kadi ngeni iliyomezwa hurudishwa kwa benki iliyoitoa. Benki ya kwao ikasema mpya itachukua wiki kadhaa. Ikabidi kadi ya kulala iamke. Katika wiki hizo aliitwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa ofisi, akafikia hoteli moja ambayo sitaitaja, na siku ya kuondoka mhudumu akaichukua kadi, akaenda nayo chumba cha nyuma kwa madai kwamba mashine ya mapokezi haina mtandao. Alikuwa anachelewa ndege. Aliiacha iende. Alitusimulia aliporudi, amejikasirikia, anajiuliza ilikaa kule nyuma muda gani. Kadi za wakati ule zilikuwa na mstari mweusi tu mgongoni, na kuunakili ilikuwa kazi ya muda wa kupiga chafya. Mama akamwambia aache wasiwasi, mtu wa hoteli ana kazi yake nzuri, ataiba kwa nini.

Juma lililofuata malaria ikamwangusha. Mimi nilikuwa Kalinzi kwa bibi, msimu wa kuchuma kahawa, kwa hiyo haya niliyapata kwa Mama. Dada Mutale alikuwa anatapika mpaka hawezi kukaa, zahanati inataka malipo ya sindano na dripu, na nyumbani hakukuwa na hata shilingi ya kukopeshana. Akalitoa kopo la biskuti mwenyewe. Akampa Mama kadi, akamtajia namba ya siri sikioni, na Mama akapanda bodaboda mpaka stesheni. Alikuwa amemwona Mwalimu Gervas akifanya mara kadhaa. Alitoa pesa alizotumwa, akarudi na kadi na kikaratasi cha mashine, akamkabidhi vyote mgonjwa akiwa kitandani. Niliporudi Mama alinisimulia kwa furaha isiyofichika. Hakujali kwamba alikuwa ameiweza mashine. Alifurahi kwamba yule mwanamke mgumu alikuwa amemtuma.

Dada Mutale alikuwa anapata nafuu, anakunywa uji uani, Jumamosi alipoweka laini ya Zambia. Simu ikalia, ikalia tena, ikawa hainyamazi. Nilikuwa namsuka nywele na nilihisi shingo yake inakauka mikononi mwangu. Watu walikuwa wamenunua vitu kwa kadi yake katika nchi ambayo hajawahi kukanyaga: televisheni, viatu, simu, tena televisheni. Kadi yenyewe ilikuwa koponi. Nilianza kulia mimi. Yeye alinisukuma, akatafuta namba aliyokuwa ameiandika kwenye daftari lake na ukutani vilevile, akapiga akiwa na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na neno la kwanza alilosema lilikuwa funga. Kilichobaki baada ya kufunga hakikutosha hata mlango wa ile nyumba aliyoiota. Nawaambia wateja wangu hivyo hivyo: funga kwanza, lia baadaye. Hawanisikii, na siwalaumu.

Jumatatu hakwenda kambini kwa sababu benki ilisema itampigia kwa mahojiano. Aliketi sebuleni, simu mezani imewekwa kwa sauti kubwa maana laini ya Zambia ilikuwa mbaya. Mama alikuwa sakafuni anachambua dagaa kwenye ungo, na mimi nilimtafsiria kwa sauti ya chini, kwani mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Aliyepiga alikuwa kijana mwenye adabu. Aliuliza ulikuwa wapi tarehe fulani, kadi ilikuwa wapi, umewahi kununua kitu kwa mtandao. Dada Mutale alijibu moja moja, akaeleza habari za hoteli. Kisha kijana akauliza kama kuna siku yoyote kadi ile ilishikwa au kutumiwa na mtu mwingine kwa ridhaa yake. Swali hilo leo nauliza mimi, karibu kila siku, na naujua ukimya unaolifuata. Huwa nausikiliza zaidi kuliko jibu. Ukimya wa Dada Mutale ulikuwa mrefu. Aliitazama picha ya Chileshe kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa mgonjwa. Nilimpa mwenye nyumba wangu kadi na namba ya siri. Alitoa kiasi nilichomtuma, akanirudishia kadi siku ile ile."

Kijana akaomba jina kamili. Dada Mutale akalisema, Mwamvua Ramadhani, kisha akalitaja herufi moja moja. Sikuwa nimetafsiri bado. Hapakuwa na haja, kwa sababu katika mazungumzo yote yale jina lake ndilo neno pekee ambalo Mama alilielewa mwenyewe. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Kwa nini ananitaja?" akaniuliza. Nilimweleza walichomuuliza na alichojibu. Nilieleza vibaya, kwa haraka. Mama alisubiri simu ikatwe. "Mawe!" akasema, ile sauti ya Waha wakichomwa na kitu. "Nimekaa Gungu hii maisha yangu yote, jina langu halijaingia polisi, halijaingia baraza la kata. Leo linaandikwa Zambia, kwenye wizi." Dada Mutale akasimama, akaanza, "Bamayo, nisikilize," kwani ndivyo alivyomwita kila siku, mama kwa heshima ya kwao. Mama alikuwa ameshachukua ungo wake na kwenda jikoni.

Usiku ule chakula kilipokuja, Mama alipakua ugali kwenye sinia kama kawaida, kisha akachukua sahani ya wageni, ile yenye maua ya bluu, akampakulia Dada Mutale peke yake na kumwekea mezani, na kijiko juu. Sisi tulikaa mkekani. Asiyejua desturi zetu angesema kaheshimiwa. Alikuwa amekula nasi sinia moja tangu wiki ya pili ya kuja kwake, na kila mtu mle ndani alielewa maana ya ile sahani, yeye mwenyewe wa kwanza. Aliila yote. Wiki iliyofuata ilikuwa hivyo, na iliyofuata. Mama alimsalimia, alimuuliza habari za kazi, alimtengea maji ya kuoga. Hakukosa neno lolote la adabu. Nilimsikia akizungumza na Mama Jeni, jirani yetu, juu ya uzio wa miti. Mama Jeni alikuwa anasema mgeni ni mgeni tu, mfukuze. Mama akajibu, "Nimfukuze aende wapi, na bado ana homa homa?" Kisha akasema kwa sauti iliyovunjika: "Nilidhani ananiamini." Niliingia ndani nisisikie zaidi. Nilimchukia Dada Mutale siku hiyo, nilimchukia kabisa.

Jibu la benki lilikuja Ijumaa moja mwezi uliofuata. Dada Mutale alikuwa amewahi kushuka kutoka kambini na alikuwa uani anafua. Alipokea simu kwa mkono wenye povu, akasikiliza, akasema asante, akaiweka kwenye jiwe, akaendelea kufua lile lile shuka. Nilimuuliza wamesemaje.

"Wamekataa. Mkataba unasema ukimpa mtu kadi na namba, hasara yote ni yako. Hata kama aliyeiba ni mwingine."

"Sasa si ungesema hapana!" Nilipandisha sauti, na hasira za wiki zote zilitoka pamoja. "Ungesema hujampa mtu! Nani angejua? Ungepata pesa zako, na Mama usingemtaja!"

Alisuuza shuka, akalikamua, akalitundika. Ndipo akanigeukia. "Zuhura, ile mashine ya stesheni ina kamera. Wakiomba picha za siku ile watamwona nani?"

"Mama."

"Watamwona mama yako na kadi yangu mkononi. Na mimi nimeshasema hakuna mtu aliyeishika. Wewe niambie, wataandika nini juu yake?"

Neno mwizi lilinijia lenyewe. Akaendelea, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza maneno: "Nilimtaja mwanzo ili wasimkute mwishoni. Wameandika alitumwa, akarudisha. Imekwisha, hakuna wa kumgusa."

"Ulijua watakataa?"

"Mkataba niliusoma kabla sijasaini."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kila nikianza, ananipa sahani."

Nimewahi kusikia watu wengi wakijibu lile swali la benki. Wapo wanaodanganya, na nawaelewa, maana wengi hawaibi chochote, wanataka tu kilicho chao. Wapo wanaosema kweli kwa sababu hawakujua itawagharimu. Mtu aliyejua, akatazama ukutani akaona uso wa mwanawe, kisha akasema ndiyo ili mwanamke asiye hata ndugu yake asije akaitwa mwizi, nimemwona mmoja tu.

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anasonga ugali, amekanyaga miti ya kushikia sufuria kwa miguu yote miwili. Nilimweleza kila kitu, safari hii polepole: kamera, mkataba, ukimya wa kwenye simu na kilichokuwa ndani yake. Aliendelea kusonga mpaka nikadhani hanisikii. Ugali ulikuwa umeiva zamani.

"Kwa hiyo angesema hapana, wangemlipa."

"Wangemlipa, Mama."

"Na mtoto?"

"Hawezi kuja. Zile ndizo zilikuwa pesa za nyumba."

Mwiko ulisimama. Mama alijifuta uso kwa pindo la khanga, akasingizia moshi, ingawa kuni zilikuwa kavu.

"Chumba nilisema cha mtu mmoja," akasema.

"Ndiyo, ulisema."

"Nilisema mimi. Haikusema serikali." Akaanza kusonga tena, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mtoto wa miaka minne atalala na mimi, kitanda ni kikubwa. Nenda kamuulize huyo mama yake anakula nini."

Nilitoka nikamkuta Dada Mutale amechutama mbele ya beseni. Nikamwambia, "Mama anauliza Chileshe anakula nini." Aliniangalia bila kuelewa, nikarudia. Siku zile zote hakulia: hakulia televisheni za watu zilipomiminika kwenye simu yake, hakulia kwa ile sahani, hakulia benki ilipomkatalia. Sasa alikaa chini kwenye maji ya sabuni, na gauni lake la kazini, akalia kwa sauti kubwa kiasi kwamba Mama alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, kuuliza nani amekufa.